Kufufua pikipiki kuukuu nyumbani: mwongozo kamili kwa anayeanza

Ukizunguka mitaa ya Kikuyu, Chang'ombe au Kizota hapa Dodoma, haichukui muda kuona pikipiki ya zamani imeegeshwa nyuma ya nyumba, tairi zimeisha upepo, siti imetafunwa na panya. Aghalabu ilikuwa ya baba au babu. Ilizimika siku moja, ikasubiri fundi, na fundi hakuja. Nyingi kati ya hizo hazijafa. Zinahitaji mtu mwenye spana chache na utaratibu, na mtu huyo anaweza kuwa wewe, hata kama hujawahi kutoa plagi maishani mwako.

Kinachowashinda wanaoanza si ugumu wa injini. Ni kufungua kila kitu siku ya kwanza. Injini inaishia kwenye karai, nati kwenye kopo la maziwa, waya zimekatwa bila alama, na baada ya miezi mitatu hakuna anayejua boliti ipi ilitoka wapi. Mwishowe anapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Kwa hiyo mwongozo huu unashika njia nyingine: fungua kile tu ambacho pikipiki yenyewe imeshakuonyesha kina tatizo, kimalize, kirudishe mahali pake, ndipo ushike kingine. Ukilazimika kuacha kazi kwa mwezi mzima, uache pikipiki, si rundo la vyuma.

Mfano nitakaoutumia ni Honda CG125. Ilitoka mwaka 1976, ikabuniwa mahususi kwa nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo na kuhudumiwa mara chache. Valvu zake (milango midogo ya kuingiza petroli na hewa na kutoa moshi) husukumwa na fimbo, haina cheni ya taimingi, ile inayoendesha valvu kwenye injini nyingine, na injini za pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria mitaani kwetu zimejengwa kwa muundo uleule. Maana yake ni kwamba spea za kuanzia unazipata hadi Kibaigwa na Kondoa. Kama yako ni Yamaha DT125 au Suzuki TF125 za zamani, hizo ni injini za mipigo miwili: hazina valvu za kurekebisha, na mafuta ya kulainisha pistoni huungua pamoja na petroli. Mengi ya hapa yatakufaa, ila sehemu ya valvu iruke.

Karatasi kwanza

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, tafuta kadi ya usajili. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na ile ya kwenye kadi, kisha namba ya injini. Zikitofautiana, lishughulikie TRA na polisi kwanza, kwa sababu pikipiki iliyofufuka bila karatasi haitoki getini. Kama mwenye jina ni marehemu, msimamizi wa mirathi ndiye mwenye mamlaka ya kuhamisha umiliki. Zungumzeni kama familia mapema. Chombo kilichosahaulika miaka kumi hupata warithi wengi siku kinaponguruma.

Mahali na vifaa

Unahitaji sakafu ya saruji, kivuli, na mahali pasipo na upepo. Hili la upepo si dogo kwa Dodoma. Kuanzia Juni hadi mvua za mwishoni mwa mwaka, vumbi linaingia kila tundu, na vumbi la mchanga likiingia kwenye silinda iliyo wazi linasaga ringi, yaani pete za pistoni. Fanya kazi za ndani ya injini asubuhi kabla upepo haujaamka, na kila tundu unaloliacha wazi lizibe kwa kitambaa safi.

Spana za namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19 zitafungua karibu kila kitu kwenye pikipiki ya Kijapani. Ongeza spana ya plagi, plaizi, nyundo ya plastiki, brashi ya waya, multimita (kipima umeme) ya bei nafuu, na fila geji, yaani majani membamba ya chuma ya kupimia mianya. Usinunue seti kubwa yenye vipande mia. Nunua vichache vya chuma kigumu. Spana laini inakula kichwa cha nati, na nati iliyoliwa itakupotezea siku nzima.

Kuna kifaa kimoja wengi hawakijui: bisibisi ya kugonga, ile nzito ambayo ukiipiga nyundo inazunguka kidogo. Skrubu za msalaba za Kijapani hazikuchongwa sawasawa na bisibisi za msalaba za kawaida. Ukikaza mkono, ncha inapanda na kuchuna kichwa. Kava za injini za CG125 zimefungwa na skrubu hizi, na baada ya miaka zimeshikana na alumini. Paka mafuta ya kulainisha kutu jioni, acha usiku kucha, asubuhi tumia bisibisi ya kugonga. Ukishazitoa, weka boliti ndogo zenye kichwa cha spana badala yake, ukizipima urefu moja moja.

Piga picha za simu kabla ya kugusa chochote, hasa njia za waya na nyaya za breki na klachi. Boliti za kila sehemu zitie kwenye mfuko wake na uandike kwa kalamu ya wino mzito.

Siku ya kwanza: usipige kiki

Injini iliyolala miaka ina silinda kavu. Ukipiga kiki, ringi zinakwaruza kuta, na kama pistoni imeshika unaweza kuvunja shafti ya kiki. Toa plagi, mimina vijiko viwili vya mafuta ya injini kwenye tundu lake, acha hadi kesho. Kisha simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa gurudumu la nyuma likiwa hewani, weka gia ya juu kabisa, na zungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, mbele na nyuma. Pistoni ikipanda na kushuka, umeshavuka kizuizi kikubwa. Ikigoma, changanya dizeli na mafuta ya injini nusu kwa nusu, jaza juu ya pistoni, na kila siku jaribu kulisukuma gurudumu kidogo bila kutumia nguvu za hasira. Nyingi huachia ndani ya wiki. Isipoachia, hedi (kichwa cha silinda) na silinda vitalazimika kutoka, na hiyo ni sababu halali ya kufungua.

Ikizunguka, mwaga oili ya zamani na uiangalie. Nyeusi ni kawaida. Yenye rangi ya maziwa imeingiliwa na maji. Weka oili mpya ya pikipiki, takribani lita moja kwa CG125, 20W-50 au 10W-40 yenye alama ya JASO MA kwenye kopo. Alama hiyo ina maana, kwa sababu klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze.

Valvu kabla ya kuilaumu pistoni

Hapa ndipo watu wanapoteza pesa. Injini haina nguvu, kiki ni laini, mtu anaambiwa pistoni imekwisha, anachonga silinda, na tatizo linabaki. Mara nyingi ni valvu iliyobana kiasi kwamba haifungi sawasawa, na kuirekebisha ni kazi ya nusu saa isiyohitaji spea hata moja.

Injini iwe baridi kabisa. Fungua kava la juu ya hedi, uone vipande viwili vya chuma vinavyobonyeza valvu: ya nyuma, upande wa kabureta, ni ya kuingiza, ya mbele, upande wa eksozi, ni ya kutoa. Ondoa pia kava la kushoto uione magneti, gurudumu zito linalozunguka na injini na kuzalisha umeme. Zungusha magneti kinyume na mwendo wa saa hadi alama ya T ilingane na alama ya kwenye bodi ya injini. Sasa shika vile vipande viwili kwa vidole. Vyote vikitikisika kidogo, pistoni iko juu na valvu zote zimefunga: hapo ndipo pa kupimia. Kimoja kikiwa kimebana, zungusha magneti mzunguko mmoja kamili urudi kwenye T, kisha jaribu tena.

Kipimo cha CG125 ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Chomeka jani la fila geji la 0.08 kati ya skrubu na ncha ya valvu. Linapaswa kupita kwa ukinzani mdogo, ukilivuta ulihisi linashikwa bila kukwama. Likigoma au likilegea, legeza nati ndogo, zungusha skrubu kidogo sana, shika skrubu isizunguke huku ukikaza nati, kisha pima upya, kwa kuwa kukaza nati hubadilisha kipimo.

Sasa ndipo upime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Mwenye geji aiweke kwenye tundu la plagi, afungue aksereta mpaka mwisho, apige kiki hadi sindano isimame. Zaidi ya psi 120 una injini ya kuanzia. Chini ya 90, mimina kijiko cha oili kwenye silinda na upime tena: ikipanda sana, ringi au silinda zimelika, isipopanda, valvu hazikai vizuri au gasketi ya hedi inavuja. Kumbuka Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na geji itasoma pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ambavyo injini hiyohiyo ingesoma Dar es Salaam. Usiogope tofauti hiyo.

Cheche

Ingiza plagi kwenye kofia yake, egemeza chuma chake kwenye hedi mbali na tundu na mbali na petroli, piga kiki mahali penye kivuli. Unatafuta cheche ya bluu yenye mlio. CG125 hutumia plagi ya NGK D8EA yenye mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7, na plagi mpya ndiyo spea ya kwanza kununua.

Ikiwa hakuna cheche, anza na vya bure: swichi ya funguo, swichi ya kuzimia kwenye usukani, waya zilizotafunwa na panya, kofia ya plagi iliyooza. Matoleo ya awali yana platini, swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke. Isugue kwa msasa laini, ifute kwa karatasi safi, weka mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4. Matoleo ya baadaye yana CDI, kisanduku cha elektroniki kinachofanya kazi ya platini, ambayo haifunguliwi, inabadilishwa tu, na ni ya mwisho kushukiwa. Kabla ya kununua betri au balbu, soma maandishi kwenye balbu iliyopo, kwa kuwa CG125 za mwanzo zilikuwa za volti 6.

Tangi na kabureta

Kazi hii ndiyo inayofufua pikipiki nyingi kuliko nyingine yoyote.

Mwaga petroli ya zamani nje, mbali na jiko la mkaa na sigara, kwenye dumu, si kwenye udongo wa uani. Tazama ndani ya tangi kwa tochi. Ukiona kutu, toa koki, ziba tundu lake, tia kiganja kimoja cha nati ndogo au kipande cha cheni, jaza nusu kwa siki nyeupe, tikisa vya kutosha, kisha ijaze yote na uiache siku moja au mbili. Mwaga, hesabu nati zako zitoke zote, suuza kwa maji yenye magadi ili asidi iishe, suuza tena kwa maji matupu. Kausha haraka, juani, mdomo ukiwa wazi. Chuma kilichotoka kwenye siki hushika kutu upya ndani ya saa chache, na maji ya visima vingi vya huku yana chumvi inayoharakisha. Likikauka tu, mimina petroli iliyochanganywa na oili kidogo na uizungushe kuta zote. Tangi lenye tundu usimpelekee mchomeleaji likiwa na harufu yoyote ya petroli. Mvuke uliobaki unatosha kulipua.

Kabureta itoe nzima na uifungulie juu ya sinia jeupe. Chini kuna bakuli lililofungwa kwa skrubu. Ukilitoa utakuta masalia ya petroli yaliyogeuka gundi ya kijani au kahawia, yenye harufu kali kama ya vanishi. Ndani yake kuna boya, na chini ya boya kasindano kanakofungua na kufunga petroli. Toa pini ya boya kwa upole, maana nguzo zake ni za madini laini na zikivunjika kabureta imekwisha. Katikati kuna jeti mbili za shaba: kubwa na ndogo. Ndogo ndiyo inayoziba, na ndiyo inayoifanya pikipiki iwake kwa choki (kifaa cha kupunguza hewa wakati wa kuwasha) tu kisha izimike. Iinue uitazame dhidi ya mwanga. Usipoona nuru kama ncha ya sindano, imeziba. Iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha pitisha unyuzi mmoja wa shaba uliotoa kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano ya cherehani wala waya wa chuma, kwani utapanua tundu na pikipiki itakula petroli maisha yake yote.

Skrubu ya mchanganyiko iliyo pembeni, kabla ya kuitoa, ifunge polepole hadi iguse mwisho huku ukihesabu mizunguko, uandike. Usiikaze. Ukirudisha, rudi kwenye hesabu hiyo, na kama hujaipata anza na mizunguko miwili. Puliza kila njia kwa hewa ya kompresa. Kwa mwenye kuziba pancha watakusaidia. Badilisha mpira wa bakuli na mpira wa petroli, weka chujio dogo katikati, urudishe.

Kuiwasha

Weka petroli mpya kidogo, fungua koki, subiri dakika moja uone kama kabureta inavuja. Vuta choki. Piga kiki chache bila funguo ili oili ipande, kisha washa. Moshi mwingi mweupe au wa bluu wa dakika za mwanzo ni oili uliyomimina kwenye silinda. Moshi wa bluu usiokoma baada ya injini kupata moto ni ringi au sili za valvu.

Iache ipate moto, kisha izime na utoe plagi. Rangi ya kahawia nyepesi ni njema. Nyeusi yenye masizi makavu ina maana petroli ni nyingi kuliko hewa, jambo linalotokea kirahisi katika mwinuko huu. Anza kwa kusafisha chujio la hewa kabla ya kugusa jeti. Nyeupe kabisa ni hatari: hewa inavuja mahali, mara nyingi kwenye kishikio cha mpira kati ya kabureta na hedi, na injini itaungua.

Ukiwa na multimita, pima betri ya volti 12 injini ikizunguka kwa kasi ya kati. Inapaswa kusoma kati ya 13.5 na 14.8. Betri ya maji iongeze maji ya betri tu, kamwe si ya bomba.

Kabla haijatoka uani

Injini ikishanguruma, hamu ya kutoka inakuwa kubwa mno. Nakusihi, usipande bado. Pikipiki isiyowaka haimuui mtu. Inayowaka bila breki inaua.

Fungua magurudumu yote mawili. Vumbi la ndani ya ngoma za breki usilipulize kwa mdomo wala kompresa, kwani viatu vya breki vya zamani vingi vilitengenezwa kwa asbesto, na ikiingia mapafuni haitoki. Futa kwa kitambaa kilicholowa, ukitupe kwenye mfuko uliofungwa. Badilisha viatu vya breki hata kama vinaonekana vinene, kwa sababu gundi yake huzeeka na ngozi hubanduka wakati wa kufunga breki. Pekecha beringi kwa kidole. Ikikwaruza, nunua mpya.

Tairi zina tarehe. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zilizolala na pikipiki zitupe, pamoja na tyubu, hata kama kashata zake ni ndefu. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo: zilizokaza hulia, iliyolegea hutoa mlio mfu. Cheni icheze sentimita mbili hadi tatu katikati. Sproketi zenye meno yaliyopinda kama ndoano zibadilishwe pamoja na cheni, zote tatu kwa mpigo, la sivyo cheni mpya itakwisha upesi. Nyaya za klachi, breki na aksereta, ukiona hata unyuzi mmoja umekatika, nunua mpya.

Kuhusu spea: zinazouzwa kwa ajili ya pikipiki za Kichina zinafaa mara nyingi, si mara zote. Nenda dukani na spea ya zamani mkononi, muipime pamoja na muuzaji. Kisichopatikana Dodoma mjini kwa kawaida kinaagizwa Kariakoo na kufika kwa basi.

Halafu chujio la hewa. Kwa barabara za Bahi, Hombolo au Chamwino wakati wa kiangazi, hiki ndicho kifaa kinachoamua injini itaishi miaka mingapi. Sponji ya zamani husagika mkononi, weka mpya. Ioshe kwa mafuta ya taa, ikamue, ikauke, idondoshee oili ya injini, ikamue tena mpaka ibaki na unyevu tu. Hakikisha kingo zinakaa bila mwanya. Fanya hivyo kila baada ya wiki mbili msimu wa vumbi.

Kazi za kumwachia fundi ni chache: kuchonga silinda, kukereza chuma, kukalisha valvu kwenye hedi, na kuchomelea fremu. Toa wewe mwenyewe kipande kinachohusika, mpelekee kikiwa kimesafishwa, na uliza kipimo alichokifikia. Fundi mzuri atakuandikia.

Rangi inakuja mwisho kabisa, pikipiki ikishatembea. Ukipaka mapema utaichuna kwa spana na kuichafua kwa petroli. Sugua kwa msasa, paka praima, na usifunike namba ya chasisi. Rangi imeandikwa kwenye kadi, hivyo ukiibadilisha, badilisha na kadi.

Safari ya kwanza iwe asubuhi, barabara tulivu ya mtaani, ukiwa na kofia ngumu, kadi, bima, na spana mfukoni. Jaribu breki mara kadhaa kwa mwendo wa mtu anayetembea kabla ya kuongeza kasi. Ukirudi, kagua kila nati kwa mkono, kwa sababu mtikisiko wa mwanzo hulegeza nyingi. Baada ya kilomita 200 pima valvu upya na umwage oili kwenye sinia lilelile jeupe, uitazame juani. Unga mwembamba unaong'aa ni kawaida kwa injini iliyolala muda mrefu. Weka oili mpya uendelee. Vipande unavyoweza kuviokota kwa kidole, vijaribu kwa sumaku. Vikinasa ni chuma cha gia au beringi, na pikipiki isiwashwe tena mpaka kava la klachi lifunguliwe.